Ni Huyu! Stori ya Gunia, Macho na Watu Walioponzwa na Sura

Wasee, leo siongei siasa. Leo naongea kuhusu gunia.

Jumamosi, tarehe 24 Aprili 1954, kabla hata jua halijatoka, Nairobi ilikuwa imezingirwa. Maelfu ya wanajeshi na polisi wa serikali ya kikoloni walifunga barabara zote za kuingia na kutoka, halafu wakaanza kupita mtaa kwa mtaa, sana sana huku Eastlands. Operesheni yenyewe iliitwa Anvil, yaani fuawe, lile pande la chuma ambalo mhunzi hugongea vitu juu yake. Mkubwa wao alikuwa Jenerali George Erskine. Watu walitolewa kwa nyumba, wakakalishwa chini ndani ya nyaya za seng'enge, kipande mkononi.

Mchujo wa kwanza ulikuwa rahisi sana: wewe ni kabila gani? Kama hukuwa Mkikuyu, Muembu au Mmeru, uliachiliwa uende zako. Kama ulikuwa mmoja wao, ulibaki. Hakuna aliyekuwa ameuliza umefanya nini.

Mchujo wa pili ndio ulikuwa wa gunia. Kulikuwa na mtu amevishwa gunia kutoka kichwani hadi chini, limetobolewa mashimo mawili ya macho. Watu walimwita gakunia, yaani kagunia kadogo kwa Kikuyu. Mnapanga laini, mnapita mbele yake mmoja mmoja. Akitikisa kichwa hivi, unapita. Akitikisa vile, umeisha. Kichwa kimoja tu kutikisika na unapakiwa lori kwenda Lang'ata kuhojiwa zaidi, halafu Manyani au Mackinnon Road. Zaidi ya watu 20,000 waliishia kizuizini kwa hiyo operesheni moja. Hakuna hakimu, hakuna wakili, hakuna kumuuliza huyo wa gunia, "Uliniona wapi? Saa ngapi? Kulikuwa na mwangaza?" Hata sura yake huijui. Yeye anaona yako.

Cucu wangu mpaka leo hapendi gunia likining'inizwa mlangoni. Hajawahi kueleza sababu na mimi sijawahi kumlazimisha.

Sasa, ukiongea na watu wengi kuhusu gakunia watakuambia shida ilikuwa uongo. Kwamba walikuwa watu wa kununuliwa, wa kutishwa, wa kulipiza kisasi cha shamba. Na ni kweli, uongo ulikuwepo kwa wingi wakati wa Hali ya Hatari. Kwa kesi ya Kapenguria shahidi mkubwa, Rawson Macharia, aliapa kwamba alimwona Jomo Kenyatta akilisha watu kiapo. Mwaka wa 1958 akaapa tena, kwa maandishi, kwamba ule ushahidi ulikuwa wa uongo na kwamba aliahidiwa zawadi. Na unajua alishtakiwa kwa kiapo gani? Cha pili. Serikali haikuwa na shida na cha kwanza.

Lakini mimi mwongo haniogopeshi sana. Mwongo unaweza kumshika. Ukimhoji vizuri anajikanganya, mtu akipata risiti anaumbuka. Anayeniogopesha ni yule ambaye hakuwa anadanganya. Yule ndani ya gunia aliyeangalia kijana akipita, moyo wake safi kabisa, akasema "ni huyu", na hakuwa huyo.

Nilisoma saikolojia mihula mitatu kabla karo haijanishinda, kwa hivyo msiniite daktari. Lakini maktaba haikunifukuza, na hii mada ndiyo sijawahi kuiacha.

Tuanze na swali la kwanza pale kwa seng'enge, lile la kabila. Mnadhani lilitoka wapi? Kuna daktari mmoja aliitwa J. C. Carothers. Ndiye aliyesimamia hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari kwa zaidi ya miaka kumi. Mwaka wa 1953 Shirika la Afya Duniani lilimchapishia kitabu kuhusu akili ya Mwafrika, na ndani yake analinganisha Mwafrika wa kawaida na Mzungu aliyefanyiwa upasuaji wa kukatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Sitanii. Shirika la Afya Duniani. Mwaka uliofuata, 1954, mwaka ule ule wa Anvil, serikali ya Kenya ikamchapishia kijitabu kingine, The Psychology of Mau Mau, akieleza Wakikuyu wana shida gani kichwani. Mashamba kuchukuliwa, kipande, kodi, mishahara ya kuchekesha, hivyo si vitu alivyoona vikubwa. Ugonjwa ulikuwa ndani ya watu. Kwa hivyo ile laini ya Wakikuyu kwa seng'enge haikuwa hasira ya wanajeshi pekee. Ilikuwa na karatasi zake, zimeandikwa na mtu wa digrii.

Mwandishi wa habari Mmarekani, Walter Lippmann, mwaka wa 1922 alichukua neno la wachapishaji kuelezea hiki kitu. Zamani, kuchapisha gazeti kulihitaji bamba la chuma lililomwagwa mara moja, halafu ukurasa ule ule unatoka mara elfu bila kubadilika. Lippmann akasema vichwani mwetu tuna bamba kama hizo. Hatuangalii kwanza ndio tuamue ni nini. Tunaamua kwanza, halafu tunaangalia. Mimi naziita chapa. Ukiwa na chapa ya "Mau Mau" kichwani, kila Mkikuyu anayepita anatoka amechapishwa hivyo.

Na chapa haikai kimya. Inahamisha vitu. Miaka ya 1940 watafiti wawili wa Harvard, Gordon Allport na Leo Postman, walichora picha ya watu ndani ya treni. Kuna mwanamume Mweusi na mwanamume Mzungu wamesimama wanaongea, na Mzungu ameshika wembe, ule wa kinyozi wa zamani. Mtu mmoja anaiona picha, anamsimulia wa pili ambaye hajaiona, wa pili anamsimulia wa tatu, hivyo hivyo. Kwa zaidi ya nusu ya mara walizojaribu, mahali fulani katikati ya stori wembe ulihama. Ukatoka kwa mkono wa Mzungu ukaingia kwa mkono wa Mweusi. Hakuna aliyeambiwa auhamishe.

Watu wengi husimulia huu utafiti vibaya, wanasema mashahidi walioona picha ndio walikosea. Hapana. Ilikuwa stori ikipokezanwa mdomo kwa mdomo. Kwangu hiyo ni mbaya zaidi, juu hiyo si mahakama, hiyo ni grupu ya WhatsApp. Nani alikuwa na wembe inategemea nani anafanana na mwenye wembe.

Sawa, unasema, lakini mimi nikimwona mtu kwa macho yangu, uso kwa uso, hapo siwezi kukosea. Keti nikupe stori ya Adolf Beck.

London, Desemba 1895. Kuna jamaa anazunguka akijiita bwana mkubwa, anatongoza wanawake mitaani. Anawaambia atawapeleka kusini mwa Ufaransa kwa meli yake, anawaandikia orodha ya nguo za kununua, anawapa hundi ya kulipia. Kabla hajaondoka anaomba pete na saa zao, ati awatengenezee bora zaidi. Hundi ni karatasi tupu. (Ndiyo, hawa watu walikuwepo kabla ya Instagram.) Sasa jioni moja Beck, mzee wa asili ya Norwe mwenye masharubu ya kijivu, anatoka kwa nyumba yake Victoria Street. Mwanamke anamshika: wewe ndiye uliniibia saa. Beck anavuka barabara kutafuta polisi amsaidie. Wanapelekwa kituoni wote wawili, na anayebaki ndani ni Beck.

Polisi wakaita wanawake wengine waliotapeliwa. Gwaride likapangwa kwa wanaume waliookotwa tu barabarani. Kati yao wote, mwenye mvi na masharubu ya kijivu alikuwa Beck peke yake. Hebu fikiria. Unaambiwa tapeli wako ni mzee mwenye masharubu ya kijivu, unaletewa laini ambayo ina mzee mmoja mwenye masharubu ya kijivu. Ungemchagua nani, kijana wa maziwa? Mmoja baada ya mwingine, wakasema: ni huyu.

Halafu ikawa mbaya zaidi. Mwaka wa 1877 mtu aliyejiita John Smith alikuwa amefungwa kwa utapeli wa aina hiyo hiyo, neno kwa neno. Polisi aliyemkamata Smith wakati huo, zaidi ya miaka kumi na minane nyuma, akaletwa amwangalie Beck. Akaapa kwamba Beck na Smith ni mtu mmoja. Beck akasema: 1877 nilikuwa Amerika Kusini! Alikuwa na watu wa kuthibitisha aliishi Peru. Lakini mwendesha mashtaka akacheza mchezo mmoja mwerevu. Akaacha kumshtaki kwa mambo yanayogusa Smith, akabaki na ya 1895 tu. Kwa hivyo hakimu akasema mambo ya 1877 hayahusiki. Ile ya Peru, iliyokuwa imuokoe, haikuingia. Na huyo hakimu mwenyewe, Forrest Fulton, ndiye aliyekuwa mwendesha mashtaka wa John Smith mwaka wa 1877. Na kwa sheria ya Uingereza ya wakati huo, mshtakiwa hakuruhusiwa kujitetea kwa kiapo. Beck alikaa hapo akisikiliza watu wakimtambua.

Miaka saba. Gerezani akapewa namba ya zamani ya John Smith, na herufi ya kuonyesha amerudi mara ya pili. Mwaka wa 1898 faili ikafunguliwa ikaonekana kitu ambacho hakuna masharubu yanaweza kuficha: Smith alikuwa ametahiriwa, Beck hajatahiriwa. Unadhani walifungua mlango? Walimbadilishia namba. Hiyo tu. Akatoka 1901.

Na 1904 wizi ukaanza tena, akakamatwa tena, wanawake wengine wakamtambua tena, akapatikana na hatia tena. Bahati ni kwamba hakimu wa mara hii alihisi kitu hakiko sawa, akachelewesha hukumu. Beck akiwa bado ndani, mwezi wa Julai, mtu akashikwa akijaribu kuweka rehani pete za wanawake. Wizi haujasimama na mwizi mnayemjua yuko seli? Huyo ndiye alikuwa John Smith mwenyewe. Jina lake halisi lilikuwa Wilhelm Meyer, na mahakamani alikubali makosa. Beck akasamehewa, kana kwamba ndiye aliyekosa, na baada ya kelele nyingi za magazeti akalipwa pauni 5,000. Alikufa 1909. Kesi yake ni moja ya zile zilizosukuma Uingereza kuunda mahakama ya rufaa za jinai mwaka wa 1907.

Nimekaa sana kwa Beck kwa sababu moja. Wale wanawake hawakuwa waongo. Walitapeliwa kweli, walikuwa na uchungu wa kweli, na waliongea ukweli kama wanavyoujua. Zaidi ya mashahidi kumi kwa kesi mbili, wote wamekosea. Wingi wa mashahidi haukusaidia kitu, kwa vile wote waliletewa laini ile ile mbovu.

Na kumbukumbu yenyewe si video. Haijahifadhiwa mahali inasubiri ubonyeze. Kila ukiikumbuka unaijenga upya, na kila kitu ulichoona au kuambiwa katikati kinaweza kuingia. Mwaka wa 1984 huko North Carolina, Marekani, mwanafunzi wa chuo alibakwa usiku nyumbani kwake. Alifanya kile ambacho sote tungetaka tuweze: alikaza macho kwa uso wa yule mtu makusudi, ili akiishi aweze kumtambua. Akaonyeshwa picha, akamchagua Ronald Cotton. Baadaye likapangwa gwaride la watu halisi, akamchagua Cotton tena. Lakini kati ya wote, Cotton peke yake ndiye aliyekuwa kwa picha na kwa gwaride. Pia polisi walimhakikishia amechagua sawa. Kutoka hapo, uso uliokuwa kichwani mwake ukawa wa Cotton. Miaka michache baadaye, mahakamani, akaletewa mbakaji halisi, akasema hajawahi kumwona. DNA ilimtoa Cotton mwaka wa 1995, baada ya zaidi ya miaka kumi ndani.

Cotton ni Mweusi, yule mwanamke ni Mzungu. Tangu 1969 utafiti umekuwa ukionyesha kwamba watu hutambua vizuri zaidi nyuso za watu wa rangi yao kuliko za wengine. Si lazima uwe mbaguzi. Inatosha umekua bila kuzoea kuangalia zile nyuso kwa makini. Na kwa watu zaidi ya 370 ambao DNA imewasafisha Marekani, karibu 7 kati ya kila 10 kulikuwa na shahidi wa macho aliyekosea.

Turudi nyumbani. Kitu kinachoniuma kuhusu gakunia ni kwamba serikali ilijua. Haikuwa sayansi ambayo haijafika. Kufikia 1936 mahakama ya rufaa ya Afrika Mashariki ilikuwa imeshaweka masharti ya gwaride la utambulisho: mshukiwa asimamishwe na watu wasiopungua wanane wanaofanana naye umri, urefu na hali ya maisha, achague mwenyewe asimame wapi, na shahidi asiwe amemwona kabla. Mwaka wa 1953, Hali ya Hatari ikiwa imepamba moto, mahakama hiyo hiyo iliamua katika kesi ya Abdalla bin Wendo kwamba ushahidi wa mtu mmoja wa kutambua, hasa pale hali ilikuwa ngumu, upimwe kwa uangalifu mkubwa sana. Mwaka mmoja baadaye, watu wanapita mbele ya gunia, kila kitu kinyume. Sheria ilikuwa ya wale waliobahatika kufika mahakamani.

Baada ya uhuru mahakama zetu ziliendelea na hiyo njia, na hapa nazipa heshima. Kesi ya Roria, 1967. Kesi ya Maitanyi, 1986, ambayo mimi naipenda sana juu ni ya mtaani kabisa: ukisema ulimwona mtu usiku, mwangaza ulikuwa wa aina gani? Taa ya stima au koroboi? Ilikuwa wapi, umbali gani na yeye? Na je, ulipofika kituoni mara ya kwanza, ulieleza anafanana aje, au ulimjua baada ya kushikwa? Maswali ya mtoto wa darasa la tano, lakini ndiyo yanayotenganisha mtu na miaka ya Kamiti.

Tatizo ni kwamba stori nyingi za mtaani haziendi hadi huko. Mimi nina dredi. Nimesimamishwa na makarao nikitoka kununua maziwa, nikaambiwa "nyinyi ndio mnasumbua hapa". Nyinyi. Mtu mmoja, pakiti moja ya maziwa, ananiita nyinyi. Hiyo ni chapa inaongea. Na kwa stage, mtu akipiga nduru "mwizi!", hakuna anayeuliza kuhusu mwangaza. Anayekimbia ndiye mwizi, hata kama anakimbia mvua. Kufikia mtu anasema "ngoja, si huyu", tairi limeshafika.

Wiki mbili zimepita, watu kama kumi na wawili wamenitumia skrinshoti ile ile. Imetolewa kwa kamera ya duka fulani, usiku, kutoka juu. Kijana, kofia, hudi nyeusi, nusu ya uso. Kando yake mtu ameweka picha ya Facebook ya kijana mwingine, mduara mwekundu kila upande, na maneno "NI HUYU, SAMBAZA". Nikauliza wa kwanza, nani amesema ni huyu? Akasema iko kwa grupu ya mtaa. Wa pili akasema ametumiwa na wa kwanza. Wa tatu akaniambia "bro, angalia tu, si unaona wanafanana". Mmoja aliniandikia kwamba huyo kijana sasa ana bunduki. Kwa ile klipu hakuna bunduki. Nimeiangalia mara ishirini. Ana simu.

Ziangalieni hizo picha mbili jinsi zilivyopangwa. Uso mmoja hauonekani, wa pili unaonekana vizuri. Hakuna wanane wa kufanana naye. Kuna mmoja tu, na umeshaambiwa jibu kabla hujaangalia. Ukiziona leo, kesho ukipita na huyo kijana kwa duka utahisi umemtambua, na hutakuwa unadanganya. Utakuwa umemtambua kutoka kwa mduara mwekundu.

Mnaniuliza kwa DM kama nalipwa na wezi nisiposti. Hapana. Kama uliibiwa, nenda ripoti, sema uliona nini kabla mtu hajakuonyesha picha yoyote, andika mwenyewe kama unaweza. Kama una klipu yote, si skrinshoti, peleka hiyo kituoni. Na wale wawili mlionitumia namba ya nyumba anayoishi huyo kijana, nimewablock. Mama yake yuko hapo.